Miezi mitatu ni siku ngapi? Jinsi tarakilishi inavyohesabu muda

MGONJWA aliyepewa vidonge 90 mnamo Julai 1, ameze kimoja kila siku, kisha akaambiwa arudi kliniki baada ya miezi mitatu, atameza kidonge cha mwisho Septemba 28. Tarehe yake ya kurudi ni Oktoba 1. Kwa siku mbili, Septemba 29 na 30, chupa itakuwa tupu.

Kwa mtu aliyeandikiwa dawa za kutuliza maumivu ya mgongo, siku mbili si kitu. Kwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV, ambazo hazina budi kumezwa kila siku ili virusi visipate mwanya wa kuongezeka na kuwa sugu, hilo ni jambo zito. Kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, zinazopakana na Ziwa Victoria, zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi nchini Kenya, na chupa za vidonge 30 au 90 si kitu kigeni katika nyumba za huko.

Ajabu ni kwamba katika mfano huu hakuna aliyekosea kujumlisha. Aliyejaza chupa alihesabu mwezi kuwa siku 30. Aliyeandika tarehe ya kurudi alifuata kalenda, ambayo ina siku 31 za Julai, 31 za Agosti na 30 za Septemba, yaani 92. Walitumia neno moja, "miezi", kwa maana mbili.

Muuguzi mzoefu hulikwepa tatizo hili kwa kuhesabu vidonge kwanza, au kwa kupanga ziara za mgonjwa kwa wiki. Wiki 12 ni siku 84, mwaka wowote na majira yoyote, na mgonjwa aliyekuja Jumanne atarudi Jumanne. Tarakilishi haina uzoefu huo. Itafanya kile tu ilichoandikiwa, na itakifanya kwa maelfu ya wagonjwa bila kusita. Kwa hivyo swali la jinsi ya kuueleza muda ndani ya programu, ambalo laweza kuonekana kama mchezo wa wataalamu, huishia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuketi mbele ya kibodi.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha vyema chanzo cha utata. "Mkutano ni saa tatu" na "mkutano ulichukua saa tatu" ni sentensi mbili zenye maneno yale yale ya mwisho, lakini ya kwanza inataja nukta moja ya wakati na ya pili inataja urefu wa muda. Wahariri wa magazeti hulifuta neno "masaa" kila siku kwa kuwa saa, kwa mujibu wa sarufi, haibadiliki katika wingi. Hata hivyo, mkazi wa Kondele anayesema aliingoja matatu kwa "masaa matatu" ametenganisha vitu viwili ambavyo sarufi sanifu imeviacha vikifanana. Mwalimu atamkosoa, mwandishi wa programu angempongeza.

Kuna jambo jingine ambalo wazungumzaji wa Kiswahili wanalijua pasipo kufundishwa. Mfanyakazi aliyeingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni amefanya kazi kwa saa tisa. Kwa hesabu ya Kiingereza aliingia saa nane na kutoka saa kumi na saba, na jibu ni lile lile. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa karibu na macheo, na za Dholuo vivyo hivyo, ilhali za Kizungu huanza usiku wa manane. Lakini mtu akitoa wakati mmoja katika mwingine, mahali pa kuanzia panajifuta penyewe.

Tarakilishi nyingi hutumia kanuni hiyo hiyo. Zimechagua kuanza kuhesabu usiku wa manane wa kuamkia Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo Kenya ilikuwa saa tisa usiku, na tangu hapo zinahesabu sekunde moja moja. Hesabu hiyo sasa imepita bilioni 1.7. Tarehe hiyo haina utukufu wowote. Ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa karibu na siku ambazo mfumo wa Unix ulikuwa ukiundwa. Ukitaka kujua muda uliopita kati ya matukio mawili, unatoa nambari ndogo katika kubwa.

Balaa la kwanza huingia pale nambari inapoachwa bila kipimo. Mifumo ya aina ya Unix huhesabu sekunde. Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa nyingi za mtandao, huhesabu milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Siku 30 ni sekunde 2,592,000. Programu ikiipokea nambari hiyo na kuidhania kuwa ni milisekunde, siku 30 zitageuka dakika 43. Mtu aliyekopa kwa simu asubuhi angekuwa mdaiwa sugu kabla ya chai ya saa nne. Kosa likielekea upande wa pili, ukurasa wa benki uliopaswa kujifunga baada ya dakika 30 utabaki wazi kwa takriban siku 21, na yeyote atakayekalia kiti hicho katika duka la intaneti ataukuta.

Ndiyo sababu baadhi ya lugha mpya za kuandikia programu hazitaki muda uandikwe kama nambari tupu. Lugha ya Go, kwa mfano, ina aina maalumu ya thamani inayoitwa muda, na ndani yake kila kitu ni nanosekunde. Atakayeandika sekunde tano hana budi kutaja sekunde. Ni sawa na mama muuza samaki pale Dunga ambaye hakubali agizo la "tano" mpaka aambiwe ni samaki watano, kilo tano au ndoo tano.

Kipimo kikishajulikana, hubaki suala la vipande vidogo. Tarakilishi huhesabu kwa mbili mbili, na kwa hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikamalizika, kama vile sisi tusivyoweza kuigawa Sh10 kwa watu watatu bila senti kubaki. Mnamo Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kudungua makombora aina ya Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila mara nambari hiyo ilipogeuzwa kuwa sekunde, kipande kidogo mno kilikatwa. Kufikia jioni hiyo, kosa lilikuwa limefika thuluthi moja ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud huenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo, na wanajeshi 28 wakauawa.

Hayo yote, hata hivyo, ni mambo ya sekunde, na sekunde ni kiumbe mtiifu. Mwezi ni mkaidi zaidi.

Mnamo Septemba 13, 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria katika Kaunti ya Homa Bay. Ratiba ya wakati huo ilitaka mtoto apewe dozi ya kwanza akiwa na umri wa miezi sita, kisha miezi saba, miezi tisa na miaka miwili. Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa Agosti 31, 2022. Alitimiza miezi sita lini?

Februari haina siku ya 31. Programu iliyoandikwa kwa Java, kwa kutumia zana zake za kalenda, itarudi nyuma hadi siku ya mwisho ya mwezi na kujibu Februari 28, 2023. JavaScript, ikiambiwa isogeze mwezi mara sita, itavuka mpaka na kujibu Machi 3. Mwandishi aliyeamua kwamba mwezi ni siku 30 atapata siku 180, yaani Februari 27. Aliyetumia wiki 26 atapata Machi 1. Ni mtoto mmoja, na majibu ni manne.

Kwa afya ya mtoto, siku nne hazina madhara makubwa. Lakini tuseme ujumbe wa kumkumbusha mama unatoka katika programu moja na daftari la kliniki limejazwa na nyingine. Mama anayeishi Kisiwa cha Mfangano hupanda boti hadi Mbita. Akifika siku ambayo jina lake halimo, nauli imekwenda na kazi ya siku imelala, na itahitaji moyo wa ziada kumfanya arudi tena kwa dozi zinazofuata.

Waliobuni lugha ya Java walilitazama tatizo hili kwa muda mrefu. Toleo la nane, lililotoka Machi 2014, lilileta aina mbili tofauti za thamani. Moja hushika sekunde na vipande vyake, na inafaa kwa mambo kama mbio za riadha au muda wa simu. Nyingine hushika miaka, miezi na siku, na haijui urefu wake halisi mpaka iambiwe inaanzia tarehe gani. Kwa Kiswahili tungeweza kuita ya kwanza muda na ya pili kipindi. Kazi hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na Stephen Colebourne, Mwingereza ambaye awali alikuwa ametunga zana ya bure iitwayo Joda-Time baada ya kuchoshwa na kasoro za zana zilizokuwapo. Uamuzi huo unagusa hata hospitali za huku, kwa kuwa KenyaEMR, programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika katika vituo vingi vya umma, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo imeandikwa kwa Java na ambayo ilikulia katika mpango wa AMPATH mjini Eldoret.

Hata alama za kuandikia muda zina mtego. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 huandika miezi mitatu kama P3M na dakika tatu kama PT3M. Herufi M ni ile ile. Tofauti ni T moja katikati. Aliyeichagua labda hakuwahi kusoma maandishi madogo kwenye skrini ya simu iliyopasuka.

Kama mwezi hauaminiki, je, siku? Wengi wanaoandika programu nchini Kenya huchukulia kwamba siku ni sekunde 86,400 na basi. Hapa Kenya dhana hiyo haijawahi kuwasaliti, kwa kuwa saa za nchi hazisogezwi mbele na nyuma kufuata majira. Lakini kijana wa Kisumu anayeandikia mteja wa London programu ya zamu za wauguzi atashangaa kuona kwamba Machi 30, 2025 ilikuwa na saa 23 pekee huko, na Oktoba 26 mwaka huo ikawa na 25. Muuguzi aliyelala zamu ya usiku ule wa Oktoba alifanya kazi saa moja zaidi ya ile inayoonekana kwa kutoa saa ya kuingia katika saa ya kutoka.

Kenya nayo ina siri yake, iliyozikwa katika enzi ya ukoloni. Kwa mujibu wa jedwali la saa za dunia ambalo hutumiwa na karibu kila tarakilishi na simu, Nairobi ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich hadi mwaka 1928, ikapelekwa saa tatu, ikarudishwa saa mbili na nusu mwaka 1930, ikasogezwa hadi saa mbili na dakika 45 mwanzoni mwa 1937, na hatimaye ikatulia kwenye saa tatu usiku wa kuamkia Agosti 1, 1942. Kisumu, ambako jua hufika utosini karibu dakika 40 baada ya saa sita ya mchana ya Kenya, ilifuata amri hizo zote bila jua lake kuulizwa.

Usiku wa kuamkia Januari 1, 1937, basi, saa zilipofika usiku wa manane ziliruka dakika 15. Dakika hizo hazikuwapo. Ni jambo dogo, mpaka tukumbuke jinsi wazee wanavyosajiliwa. Mtu ambaye hana cheti cha kuzaliwa na anajua tu mwaka, au anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa njaa fulani, mara nyingi huandikiwa Januari 1. Programu nyingi, zikipewa tarehe bila saa, huihifadhi kama usiku wa manane wa tarehe hiyo. Zikiambiwa zihifadhi usiku wa manane ambao haukuwapo, nyingine huukataa kwa ujumbe wa kosa, na nyingine huusogeza kimyakimya. Matoleo ya awali ya jedwali hilo, kabla ya kurekebishwa, yaliweka mruko wa mwisho usiku wa kuamkia Januari 1, 1960, na kwa kuwa wanaoandikiwa tarehe hiyo ni wengi kuliko wa 1937, waandishi wa programu wa Afrika Mashariki walikutana nao mara kwa mara bila kujua umetoka wapi.

Tiba yake ni nyepesi: tarehe ya kuzaliwa si nukta ya wakati, na haifai kuhifadhiwa kama nukta ya wakati. Iachwe iwe tarehe.

Wavuvi wa ziwa hili wana vipimo vyao. Omena huvuliwa usiku kwa taa, nao uvuvi huo hudorora mbalamwezi inapong'aa, kwa hivyo mwezi wa mvuvi ni ule wa angani, wa takriban siku 29 na nusu. Serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Miezi hiyo minne ni siku 122 za kalenda, lakini ni zaidi kidogo ya miandamo minne. Mvuvi mwenye deni la injini anahesabu ni vipindi vingapi vya giza amekosa. Mkopeshaji wake anahesabu tarehe.

Sheria, ambayo huandikwa na mawakili na kusomwa na kila mtu, imejaribu kuliziba pengo hili. Sura ya 2 ya sheria za Kenya, inayohusu ufafanuzi, inasema mwezi ni mwezi wa kalenda. Inasema pia kwamba siku zikihesabiwa kuanzia tukio fulani, siku yenyewe ya tukio haihesabiwi, na kwamba katika muda usiozidi siku sita, Jumapili na sikukuu hurukwa. Kwa hiyo siku tano za sheria zaweza kuwa siku sita au saba za ukutani.

Mfano mkali zaidi uko katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 24 kupita. Hiyo inaonekana kama muda wa kawaida, sekunde 86,400. Lakini kifungu hicho kinaendelea: saa 24 zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku isiyo ya mahakama, basi mwisho ni kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa mjini Kisumu Ijumaa saa kumi jioni atatimiza saa 24 Jumamosi, mahakama ikiwa imefungwa. Mwisho wake wa kisheria utakuwa Jumatatu jioni, zaidi ya saa 72 baada ya kukamatwa, na sikukuu ikiangukia Jumatatu utasogea tena. Programu ya kufuatilia mahabusu itakayojumlisha sekunde pekee italia Jumamosi kwa bure. Itakayoongeza siku tatu kwa kila mtu itamnyima haki yule aliyekamatwa Jumatatu asubuhi.

Limebaki suala la chombo chenyewe kujaa. Mnamo 2015, wakuu wa usafiri wa ndege nchini Marekani waliagiza mitambo ya umeme ya ndege aina ya Boeing 787 iwe ikizimwa na kuwashwa upya, kwa kuwa iliyokaa siku 248 bila kuzimwa ingeweza kujizima yenyewe hata angani. Siku 248 ndizo zinazotosha kukijaza kibuyu cha nambari iliyo sawa na mbili iliyojizidisha mara 31, ikiwa unahesabu sehemu za mia za sekunde.

Hesabu iliyoanza 1970 nayo, katika mitambo ya zamani inayotumia kibuyu cha ukubwa huo, itajaa Januari 19, 2038. Kenya itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na jua la Kisumu halitakuwa limechomoza. Mitambo mingi imekwisha kubadilishwa, ila tatizo haliisubiri siku yenyewe: programu ya zamani ikiombwa leo kukokotoa mkopo wa nyumba utakaokwisha Juni 2040 itasema ulikwisha 1904. Sekunde moja baada ya kibuyu kujaa, nambari huruka kutoka mwisho hadi mwanzo wake, na mwanzo huo ni Desemba 13, 1901, takriban wiki moja kabla ya reli ya Uganda kufika ufukweni mwa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo na ambapo leo ni Kisumu.